Pwani kwa Binti, Majivu kwa Mwana

"Na Marciala, yeye mnampa nini?" Ndivyo alivyouliza mama yangu juu yangu siku baba alipogawa ardhi, sote tumesimama jikoni; baba alikohoa, kaka zangu wakatazama dirishani, mazungumzo yakaendelea kana kwamba aliyesema ni kuku.

Sikilizeni wanangu, wewe Ginés na wewe Guacimara, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Kisiwa hiki kilikuwa na desturi isiyoandikwa popote, kwa sababu dhuluma iliyozoeleka haihitaji wino: mwana wa kiume hupewa majivu, binti hupewa pwani. Majivu ndiyo yalikuwa uhai. Mlima ulipowaka ukameza vijiji, wazee wetu walirudi wakakuta mashamba yamezikwa chini ya majivu hayo, mchanga mweusi, wakalia, kisha wakagundua kwamba mchanga ule hunywa umande wa usiku na kuuhifadhi. Ndipo wakachimba mashimo mpaka kwenye udongo wa zamani, wakapanda mzabibu mmoja kila shimo, wakauzungushia ukuta wa mawe kuukinga na upepo. Mvua hatuna, mto hatuna, tuliishi kwa umande. Pwani je? Chumvi na mawe. Mbuzi akifika mara moja harudi. Nikapewa hiyo. Kaka yangu Eulogio akanitania mbele ya mchumba wangu kwamba nitavuna kaa, na nikikosa kaa nitavuna mawimbi, na kijiji kizima kikacheka mpaka siku ya harusi yangu.

Baba akafa. Nanyi mkiwa wadogo, Eulogio akaja hapa na jibini la mbuzi mkononi, akaketi hapo ulipoketi, Ginés. Akaniambia, "Dada, baba alikudhulumu. Chukua mashimo yangu ya zabibu, mimi nipe yale mawe yako ya pwani, tuyamalize."

Nililia, wanangu. Katika maisha yangu yote huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kutamka kwamba nilidhulumiwa, nikambusu mikono. Kumbe alikwisha sikia kwamba barabara inakuja, alikwisha kaa meza moja na wanunuzi. Kikulacho ki nguoni mwako; changu kilikuja na jibini. Hata mavuno hayajarudi mara mbili, mawe yangu yakaota hoteli.

Najua mnavyosema, nimezeeka mimi, masikio hayajazeeka. Guacimara, ulimwambia mumeo kwamba unatandika vitanda vya wageni juu ya ardhi iliyokuwa ya mama yako kwa sababu mama yako ni mjinga. Haya, nimekubali, mjinga. Lakini nijibuni: mbona aliyedanganywa ana jina, na aliyedanganya mlimzika kwa bendi ya muziki, na hadi leo mnamwita mtu mwenye akili? Kisiwa kizima kimejifunza akili ya Eulogio. Moto wa mlima uliomeza kijiji cha babu zetu, leo joto lake linachoma kuku wa watalii, nao wanapiga makofi. Ngamia waliolima wanabebeshwa watu wa kupiga picha. Vijana waliozaliwa hapa wanalala ndani ya magari, mbele ya nyumba ambazo nusu ya mwaka hazina mtu.

Na sasa mashimo. Nilimsikia yule mtu wa hoteli jikoni mwangu, Ginés, ukimmiminia mvinyo wangu. Zabibu hazitaki, alisema. Anataka mashimo tu, aweke meza na viti viwili kila shimo, wageni wanywe jua likizama, na mizabibu michache ibaki kwa ajili ya picha. Baadaye ukaniambia, "Mama, si tunaliokoa shamba? Hakuna atakayebomoa hata jiwe." Mwanangu, hata maiti akipakwa wanja hakuna kilichobomolewa.

Nilitaka kuwaamuru msiuze. Amri ya nini? La kuvunda halina ubani. Wewe mgongo umekwisha kwa kubeba masanduku ya wageni, dada yako magoti. Nani atauzoa mchanga upepo ukiumwaga shimoni, nani atayarudisha mawe yakianguka? Mtauza. Basi gawaneni sawasawa, shimo kwa shimo, na atakayetaja desturi radhi yangu isimfuate. Lakini kabla hamjampisha mtu wa hoteli, ng'oeni mizabibu yote, msibakize hata mmoja wa picha. Fukieni mashimo, pawe tambarare kama mlima ulivyopaacha. Wakitaka mashimo wachimbe wenyewe, wajue mgongo ni kitu gani. Kuni za mizabibu hiyo chomeeni samaki, mle na gofio, unga wetu wa nafaka ya kukaanga, mshibe.

Usitikise kichwa, Ginés. Niahidi... Haya, basi. Sikulazimishi.

Mama Maria, Bikira wa Mateso, aliyesimama mbele ya moto wa mlima ukakoma, awasimamie. Awape... awape mlango ambao ni wenu, mtakaoufunga wenyewe. Wajukuu wangu wasije... Nimesahau nilichotaka kusema. Ulimi umekuwa mzito.

Basi la hoteli hilo linapiga honi barabarani. Guacimara, umeshavaa sare, naiona.

Leo usiende kazini, mwanangu. Kaa na mimi.