Bi. Stamili Twahiru, Mshiriki Namba Kumi na Tano

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Stamili Twahiru anastaafu, baada ya kuitumikia mahakama yetu ya mwanzo hapa Newala kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa mwaka 1991 kama mhudumu. Mwaka uliofuata akapewa kazi iliyokuwa ikikwepwa na kila mtu: kupeleka samansi vijijini, zile hati za kumwita mtu mahakamani. Mleta samansi hapendwi popote. Bi. Stamili ndiye pekee tunayemjua aliyekuwa akirudi ofisini amepewa mihogo.

Ni mzaliwa wa Mkunya. Miaka kumi na mitano ya mwanzo alifanya kazi kwa baiskeli. Ofisi ilipopata pikipiki, wanaume watatu waliitwa kujifunza, yeye hakuitwa. Akajifunza kivyake kwa pikipiki ya mdogo wake Abdulrazaki, iliyozoea kubeba magunia ya korosho. Kabla mwezi haujaisha wale watatu wote walikuwa wameanguka, na ufunguo ukakabidhiwa kwake.

Katika kazi hakuanza na karatasi hata siku moja. Alibisha hodi, akaulizia mama, watoto na mikorosho, akanywa maji, ndipo akafungua mkoba. Sisi tuliofundishwa naye tulilalamika kwamba samansi moja inakula asubuhi nzima. Alitujibu kuwa mtu uliyemuulizia mama yake hawezi kukukimbia. Katika miaka yote hiyo alikimbiwa na mtu mmoja tu.

Huyo ni Emmanuel Majaliwa wa Chiwata, bingwa wa mashindano ya pikipiki ukanda huu. Septemba 2014, akiwa mazoezini, kona ilimshinda pale Kitangari akaingia kwenye nyumba ya Bibi Sijaona, mjane wa miaka themanini. Kijana hakupata hata mkwaruzo, lakini ukuta wa mbele ulilala chini wote. Aliahidi kuujenga, kisha akatoweka. Bibi alitundika kanga mbili mahali pa ukuta, akaja mahakamani kwa miguu. Alichotaka ni kimoja: ukuta wake usimame kabla ya mvua.

Mara nne Bi. Stamili alimfuata Emmanuel, na mara nne aliishia kusikia mlio wa pikipiki ukipotelea mikoroshoni. Mara ya nne alikuta chai bado inafuka mvuke. Hakimu Edmund akaandika kwenye jalada kwamba samansi ifikishwe kwa njia yoyote iliyo halali. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache.

Ndipo likabandikwa tangazo la mashindano, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kuteremka mlima kwa barabara ya Masasi. Barabara ingefungwa kwa kibali, na ndani ya kamba wangeruhusiwa washiriki peke yao. Bi. Stamili alilisoma tangazo mara mbili, akaazima pikipiki ya Abdulrazaki, akaenda kujiandikisha. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mwandikishaji alidhani anamjazia mwanawe fomu. Alipoelewa, akampa namba kumi na tano na kumwombea kwa Mungu.

Kwenye mstari wa kuanzia alisimama ubavuni kwa Emmanuel kabisa. Kosa lake ni kwamba alianza na salamu. Emmanuel hakumtambua ndani ya helmeti, lakini ni kijana aliyelelewa vizuri: akampa shikamoo, akasema mama yake hajambo na mikorosho imezaa. Bi. Stamili alipoingiza mkono mkobani, bendera ikashuka.

Hapo hakuwa na la kufanya ila kuwafuata. Anasimulia kwamba upepo ulimtoa machozi. Wawili waligongana kabla ya kona ya kwanza, wakatokea kwenye shamba la mihogo, wazima, wakibishana. Mwingine mnyororo ulimkatikia. Bi. Stamili, aliyekuwa akilijua kila shimo la barabara ile, alijikuta amewapita watano bila kukusudia.

Kona ya tatu ndiyo kali, na upande mmoja ni bonde. Hapo tairi la nyuma la Emmanuel lilipasuka. Pikipiki ilimburuta hadi mtaroni ikamlalia mguu, petroli ikimwagikia suruali. Waliokuwa mbele hawakuona. Waliokuwa nyuma walipita. Bi. Stamili alisimama. Alizima injini, akaliinua lile dude peke yake, akaufunga mguu uliovunjika kwa vijiti na kanga aliyojifunga kiunoni. Alipovua helmeti, Emmanuel akamtambua.

"Mama, nipe hiyo karatasi nisaini kabla sijazimia."

"Tulia, mwanangu. Nikikupa sasa, kesho utasema hukuwa na akili zako."

Alimshikilia kichwa, kijana akilia na kumwita mama yake, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Kisha, kwa kuwa pikipiki ya watu ilibidi ifike chini hata hivyo, akamaliza mashindano. Alikuwa wa tisa kati ya tisa waliomaliza. Alipewa mche wa sabuni na makofi mengi kuliko mshindi.

Jumatano alimpelekea samansi wodini, baada ya kumuulizia mama yake, ambaye alikuwa amekaa pale pale na akajijibia mwenyewe. Emmanuel alikuja mahakamani kwa magongo, akakubali kila kitu. Washindani wenzake waliujenga ukuta kwa siku mbili, yeye akiwa kwenye kiti anatoa maelekezo ambayo hayakufuatwa. Bibi Sijaona aliomba waongeze dirisha upande wa barabarani, awe anawaona wakipita. Mvua zikakuta udongo umekauka. Siku hizi Emmanuel ndiye mkaguzi wa matairi kila mashindano, na tairi kipara halipiti.

Wiki iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, karani wetu Faidha alimuuliza kama kweli hapakuwa na njia nyingine.

"Ilikuwepo," akasema Bi. Stamili. "Kesho yake ilikuwa Jumapili, na yule mtoto anaimba kwaya, mstari wa mbele. Ningempata bila jasho. Ila miaka yote nilikuwa nateremka ule mlima polepole, nimebeba karatasi za serikali. Nilitaka nijue ukoje ukiifungulia pikipiki."

Hakimu Edmund, aliyekuja kutoka Masasi kwa ajili ya chai hiyo, aliweka kikombe chini, akahesabu siku zilizobaki, akaona hazitoshi kumwandikia barua ya onyo.

Ahsante kwa yote, Bi. Stamili. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na barabara kavu.