Uchafu wa Mama Gundi

Ijumaa, tarehe 28 ya mwezi huu, Mama Gundi atavua koti lake la kazi baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya modeli ya makumbusho yetu ya sayansi. Mhariri wa jarida ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nina hasira na sioni sababu ya kuificha.

Jina la Gundi alilipata wiki ya kwanza tu, alipojigandisha kiganja kwenye meza kisha akakaa hapo hadi saa ya chakula, akijifanya anawaza. Tangu hapo ametengeneza volkano, meno makubwa kama viti, na ule moyo ambao watoto huingia ndani yake na kugoma kutoka.

Lakini kazi iliyomtangaza ni chombo cha angani, cha kubuni tu, chenye urefu wa mita tatu. Mifupa yake ni mbao nyembamba na mabomba ya plastiki. Ngozi yake ilitoka kwenye maboksi mia mbili ya vifaru, treni na manowari za plastiki, zile ambazo watu hununua wakaunganishe nyumbani. Yeye hakuunganisha hata kifaru kimoja. Alimwaga vipande vyote mezani akaanza kuchagua: magurudumu ya vifaru yakawa matundu ya injini, ngazi za manowari zikawa antena, na vifuniko vya kalamu zetu vikawa matangi ya mafuta. Sasa mnajua vilikokwenda. Kazi ilichukua miaka minne, na mumewe alizoea kukuta magurudumu kwenye mifuko ya nguo za kufua.

Kisha akatumia miezi saba kukichafua. Alipaka masizi nyuma ya injini, kutu kwenye viungo, mikwaruzo ubavuni, yote kwa brashi nyembamba kuliko kijiti cha meno. Ndiyo maana watoto hawakuuliza kimetengenezwaje. Waliuliza kimetoka wapi.

Wiki tatu zilizopita, katika maandalizi ya sherehe hii hii ya kumuaga, naibu mkurugenzi alitazama juu, chombo kinakoning'inia, akaona ni kichafu. Akaamuru kishushwe kisafishwe. Msafishaji, ambaye hana kosa lolote, alimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Akajibiwa, "Wewe sugua tu." Alisugua siku mbili kwa thina na stilwaya.

Mama Gundi alikuwa likizo. Aliporudi Jumatatu alikikuta karakanani kinang'aa kama sufuria ya dukani, na vipande arobaini viko kwenye pipa la taka. Aliviokota kimoja kimoja, akaviweka kwenye mfuko wa koti, akaomba kiti. Aliyepiga kelele ni mimi, na naomba radhi kwa maneno yangu yote isipokuwa lile la mwisho.

Uongozi umemwandalia saa ya ukutani. Yeye aliomba kitu kimoja: aruhusiwe kuingia karakanani baada ya kustaafu, bila malipo, arudishe uchafu wake. Jibu lilikuja kwa barua yenye mihuri miwili: mstaafu haruhusiwi kukaa na ufunguo. Miaka thelathini na mmoja, na hawamwamini na mlango!

Basi, kwa kuwa uongozi nao husoma jarida hili, niseme wazi. Ule ufunguo wa akiba niliotoa taarifa kwamba umepotea, haujapotea. Ninao, na Ijumaa nitautia kwenye mfuko wa koti lake, ukae na vile vipande arobaini vilivyomo.

Asante kwa yote, Mama Gundi. Tunakuombea afya na macho makali. Pumzika Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tutakukuta karakanani, mimi na msafishaji. Ameshanunua brashi yake mwenyewe, na anaomba umfundishe kutu.