Kioo cha Mzee Sadiki

Benchi la mtaa wa Gongoni liko mlangoni pa karakana ya Mfaume, fundi redio, na lina miguu mitatu na tofali moja. Wanaolikalia hawana redio ya kutengeneza. Wanafuata kahawa ya Mzee Sadiki, ambaye jiko lake la mkaa liko pembeni hapo tangu baba yake Mfaume akiwa ndiye fundi, na wanafuata ubishi. Jumamosi hiyo walikuwa wawili tu, na wawili walitosha kumtoa Mfaume roho. Mmoja ni Dionis, mstaafu wa reli aliyefanya kazi Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Huyo wanamwita Stesheni. Wa pili ni Festo, muuza asali, jina lake la utani Bibisii, kwa sababu habari zote anazo na hakuna hata moja aliyoishuhudia. Mfaume mwenyewe wanamwita Volti, na siku hiyo volti zilikuwa zimempanda kichwani.

Chanzo kilikuwa masikio ya Mzee Sadiki. Mwaka huo yalikuwa yamekufa, la kulia likatangulia na la kushoto likafuata. Ukiagiza ya tangawizi unapewa kashata, ukiagiza mbili unaitikiwa salamu. Wateja walikwisha kuanza kuhamia kijiwe cha upande wa pili wa barabara. Binti yake, Hafsa, aliyeolewa Kaliua, alimpigia Mfaume simu kwamba Jumamosi anakuja na treni kumchukua baba yake akapumzike kwake. Mzee hakutaka kwenda. Alisema huko Kaliua atageuka mtu wa kukaa barazani na kuhesabu mabehewa. Mfaume naye hakutaka aende, maana alimpenda yule mzee kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa hata akimwambia hasikii.

Ndipo akapata akili. Katika boksi la mabaki alilonunua kwa bei ya karanga, vipandevipande vya mashine zilizokufa, kulikuwa na kioo kidogo cha herufi kilichotolewa kwenye mashine ya fotokopi. Kilikuwa na nafasi ya mistari miwili ya maandishi na miguu kumi na sita ya kuungia waya. Akaihamisha kompyuta ya mezani kutoka nyumbani kwake, ile kuukuu yenye tundu pana la printa, akaipandisha juu ya meza kando ya benchi. Mpango haukuwa na makuu. Mteja anaandika shida yake kwenye kibodi, maneno yanatokea kwenye kioo pembeni ya jiko, mzee anasoma, anamimina. Hafsa akifika amkute baba yake anauza bila kukosea, arudi Kaliua peke yake.

Akachomelea waya kutoka tundu hilo la printa hadi kwenye kioo tangu asubuhi. Alipowasha, kioo kikang'aa kijani, kikatoa mstari mmoja wa vijumba vyeusi, basi.

— Kimeungua, akasema Stesheni.

— Hakijaungua.

— Volti, yale ni masizi. Nimekaa na vichwa vya treni, masizi nayajua.

Mfaume akaeleza, kwa upole aliokuwa nao bado, kwamba vile vijumba maana yake umeme umefika ila maneno hayajafika. Bibisii akasema amesikia vioo vya namna hiyo huanikwa juani kwanza vitoe baridi ya dukani. Stesheni akapinga. Kwa maoni yake kioo kilitoka kwenye fotokopi, kimezoea kunakili, hakiwezi kuanzisha neno chenyewe mpaka kiwekewe karatasi ya kutazamia. Walibishana juu ya hilo mpaka mkaa wa mzee ukaanza kufifia, na kila mmoja alimtaka fundi atoe hukumu wakati fundi ameshika chuma cha moto mkononi.

Alirudi kuufuata mguu mmoja mmoja. Alipofika wa tano akajipiga kofi la paja.

— Huu ndio unaokiambia kioo kama kinaandikiwa au kinasomwa. Nimeuacha unaning'inia. Lazima uende kwenye ethi.

— Mwenda pole hajikwai, akasema Bibisii, na hakuna aliyejua ni nani alikuwa anakwenda wapi.

Mfaume akauchomelea, akawasha upya. Vijumba vikatoweka, kikabaki kialama kimoja kinapepesa kikisubiri neno. Stesheni akaegemea meza kwa kiwiko ili aone vizuri. Mfaume akaandika KAHAWA MBILI, akabonyeza. Kwenye kioo zikajipanga herufi za vijiti na vikulabu ambazo Gongoni nzima haikuwahi kuziona.

— Kichina, akasema Stesheni.

— Kijapani, akasema Mfaume. Viko hivi vioo, vina herufi zao na za Kizungu. Kuna waya mmoja unadanganya.

— Subiri kwanza, akasema Bibisii. Ule mguu wa tano umeuunga na nini?

— Na ethi.

— Yaani ardhi.

— Ethi ni ardhi, ndiyo.

— Ardhi ya wapi?

— Ya hapa, Bibisii. Ulitaka niagize ya Igunga?

— Basi jibu unalo. Ardhi hii imekanyagwa na misafara mpaka ikachoka. Wapagazi, pembe, vikohozi, matusi ya kila lugha, yote yamezama humu. Wewe umeifungulia waya, inatapika.

Mtu angetegemea Stesheni apinge, kwa kuwa hajawahi kukubali neno la Bibisii hata la kwamba leo ni Jumamosi. Safari hii alitikisa kichwa kwa heshima. Akasema wazi kabisa hao ni wapagazi wanaulizia njia ya Ujiji, na ingekuwa uungwana kuwajibu kwamba siku hizi kuna treni, wasijitese. Akamwomba Mfaume aandike hivyo. Mfaume alitamani naye apoteze masikio, hata kwa nusu saa tu.

Bibisii hakuchoka. Akakumbusha kwamba Mzee Sadiki anaonekana kila alasiri amejiinamia anasoma, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Akaenda akamvuta mzee mkono wa kanzu, akamwonyesha kioo. Mzee akafuta vidole, akainama, akatazama vile vijiti kwa utulivu mkubwa.

— Mimi hii siisomi, akasema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia.

Wakacheka wote, hata Mfaume. Nani angeisoma? Mzee akarudi kwenye jiko lake, akaongeza mkaa.

Mfaume alikuwa bado anacheka alipoona kiwiko. Kilikuwa juu ya meza, na chini yake waya wa mwisho wa data umebanwa mpaka ukaachia risasi ya kuchomelea.

— Stesheni. Inua mkono.

— Mkono umefanya nini?

— Inua tu, ndugu yangu. Nakuomba.

Stesheni akainua kama mtu anayeonewa. Mfaume akaurudisha waya, akauchomelea kwa pumzi moja, akaandika tena. KAHAWA MBILI, kikasema kioo, kwa herufi zilizonyooka. Mfaume nusura alie. Bibisii akatangaza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mara ya kwanza mwaka huo methali yake ikaangukia karibu na mahali pake, ingawa kiwiko kilikuwa cha mwenzake.

Hafsa akatokea muda huohuo kutoka stesheni, begi kubwa tupu begani, la kufungia vitu vya baba yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti, akaitikia Stesheni. Umefika penyewe.

Akambusu baba yake mkono. Kabla hajatua begi Mfaume alikwisha kumsimamisha mbele ya meza na kumweleza kila kitu: kioo, kibodi, maneno, kahawa. Alisema haraka, alijua anaomba nini. Hafsa akasikiliza bila kumkatiza. Kisha Mfaume akamgusa mzee bega, akamwonyesha kioo.

Mzee akafuta vidole, akainama, akatazama. Utulivu ulikuwa uleule.

— Mimi hii siisomi.

Hakucheka mtu. Kioo kiliendelea kung'aa kijani.

— Si anasoma kila alasiri? akauliza Stesheni, kwa sauti ya chini.

— Anasoma msahafu, akasema Hafsa. Hizi herufi zenu hakufundishwa. Alikwenda chuo cha Kurani, basi. Mmemwuliza?

Mfaume akatazama kibodi. Hafsa akainua mkebe mmoja karibu na jiko, ulioandikwa kwa rangi nyeupe kwa herufi za Kiarabu, zimefifia kwa moshi.

— Na hii mlidhani ni nini?

— Dua, akasema Bibisii. Kinga ya biashara. Mimi naugusa kila asubuhi kabla sijatoka na asali.

— Mfaume, mimi na wewe tulikaa mkeka mmoja kwa maalimu. Soma.

Mfaume akaupokea. Alikuwa amepita mbele ya mkebe huo maisha yake yote. Akaanza kwa ulimi mzito, te, nuni, ghaini, akaunganisha kama alivyofundishwa, na aibu ikampanda kabla neno halijaisha.

— Tangawizi, akasema.

Bibisii akautazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyedhulumiwa.

— Sasa hicho kioo, akauliza Hafsa, kina herufi hizi?

Stesheni alikuwa na maoni juu ya masizi, na Bibisii juu ya wapagazi. Mfaume alijua miguu yote kumi na sita kwa majina, na hakuna hata mmoja ulioleta herufi za Kiarabu.

Halafu akachana kipande cha boksi la mabaki, akaokota mkaa uliozimika, akaandika kuanzia kulia, polepole, kana kwamba maalimu amesimama nyuma yake na fimbo. Akampa mzee. Mzee Sadiki akakishika mbali na macho, akasoma, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Tangu masikio yafe hakuna aliyekuwa amemwona akicheka hivyo.

— Irabu umeiweka juu ya herufi, ilitakiwa chini, akasema. Hii si kahawa mbili, mwanangu. Umeandika kahawa mbali.

Akamimina mbili hata hivyo, akasimama ameshika vikombe, akauliza ni vya nani. Wakatazamana. Tangu asubuhi hakuna aliyeagiza kahawa, lile lilikuwa neno la kujaribia tu. Hafsa akasema kimoja ni chake, halafu akakumbuka kwamba baba yake hasikii, akasukuma begi tupu chini ya benchi, akanyoosha mkono kupokea kikombe.