Suti ya Waziri Aliyoiona Bi Tausi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Tausi Shekhe wa Makorora, hapa hapa Tanga, aliyefariki Ijumaa iliyopita. Bi Tausi alikuwa na wivu. Tunalisema bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe hakulificha.

Zamani za antena, mtaa wao ulikuwa na televisheni moja tu. Ya Bi Tausi. Antena ilisimama uani juu ya mti mrefu, imefungiwa mfuniko wa sufuria. Picha ikipotea, anatoka mwenyewe kuizungusha, na ndani watu wanapiga kelele, "Hapo hapo, Bi Tausi!" Mikeka ilijaa mpaka barazani. Aliyemuudhi mchana, jioni hapati pa kukaa.

Kisha mitambo ya analojia ikazimwa. Televisheni ya Bi Tausi ikabaki chenga tupu. Wiki hiyohiyo shoga yake wa ukuta kwa ukuta, Bi Asmahani, akanunua king'amuzi. Watu wakakunja mikeka yao, wakahamia kwa Asmahani.

Wivu ukamkaba. Akisikia kicheko ng'ambo ya ukuta, anagongagonga masufuria. Mwanawe, Hatibu, akamletea king'amuzi kipya.

"Alikisukuma mvunguni na boksi lake," anasimulia Hatibu. "Akaniambia, 'Mwanangu, alichoanza nacho Asmahani, mimi nikifuate nyuma? Antena yangu itashika tu.'"

Haikushika. Ndipo Bi Tausi akaanza mambo yake. Jioni alisikiliza taarifa ya habari redioni, redio yetu hii, sauti chini kabisa. Asubuhi, kwenye bomba la maji, anaisimulia kama aliyeiona kwa macho, na wanaotajwa humo anawavalisha nguo mwenyewe, za kubuni.

"Waziri jana kavaa suti ya buluu, kifungo kimoja hana! Mkewe alikuwa wapi?"

Watu hoi kwa kicheko, ndoo zinafurika.

Sasa, wasikilizaji, waziri yule Asmahani alimwona kwenye televisheni yake. Alivaa shati jeupe. Na asubuhi ile Asmahani alikuwapo bombani, nyuma ya wenzake. Bi Tausi akageuka, akamwona. Alijua leo ameumbuka, tena mbele ya mtaa mzima.

Asmahani akatua ndoo yake. "Kweli, shoga," akasema. "Hata mimi kile kifungo nilikitafuta, sikukiona."

Miaka yote tumedhani wivu ulikuwa wa mtu mmoja. Juzi kwenye hitima, Asmahani alituambia mwenyewe, analia: "Mimi ndiye niliyemhusudu. Kwangu watu walitazama, wakasinzia. Asubuhi wanakwenda kwake, macho yamewatoka. Roho iliniuma! Lakini ningemuumbua siku ile, na mimi ningeyakosa masimulizi yake."

Pole nyingi kwa Hatibu, kwa Bi Asmahani, na kwa Makorora nzima. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawe unayetusikiliza, yupo jirani uliyeacha kumpitia tangu picha ilipokatika kwake? Mbishie hodi leo.

Hatibu anasema lile boksi bado limo mvunguni, halijafunguliwa. Nasi leo jioni tutasoma taarifa ya habari kama kawaida. Ila kesho asubuhi, pale bombani, waziri hana wa kumvalisha.