Mama Malizia Abonyeza Kitufe cha Mwisho

Baada ya miaka ishirini na saba katika Mfuko wa Matibabu wa Vibarua, Mama Malizia anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalo utumishi. Hili tulimpa sisi wapakiaji wa bohari, kwa sababu hakuna aliyepita mezani kwake na fomu nusu akasalimika.

Alianzia dirishani, enzi za kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isitembee. Mtu akikwama, alimvutia kiti, akamsomea. Kisha madirisha yakafungwa na kila kitu kikahamia kwenye tovuti, na huko hakuna wa kukuvutia kiti. Watu waliingia wengi, wakajaza kidogo, wakatoka. Wakubwa wakasema kama vibarua hawaitaki huduma, basi ifungwe mwisho wa mwaka. Kwetu tulioacha ndugu mbali, hilo halikuwa jambo dogo. Ukivunjika mguu ugenini bila mfuko, unabaki na mguu wako na Mungu wako.

Mama Malizia hakulikubali hilo neno "hawataki". Alikwenda hospitali kumwona mpakiaji mwenzetu aliyeangukiwa na magunia kabla hajasajiliwa, akamuuliza fomu aliiachia wapi. Akaambiwa ilidai barua ya mwajiri. Kibarua ana bosi mpya kila asubuhi, barua ataipata kwa nani? Mwenzetu aliona mfuko si wa watu kama yeye, akaachana nao. Mama alirudi ofisini amekasirika. Barua ikaondolewa, pakawekwa jina la mtu unayefanya naye kazi.

Toka hapo akaweka desturi. Hakuna fomu iliyokwenda kwa watu kabla haijajazwa na mtu aliyesimama, mkono mmoja umeshika mzigo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Simu ilikuwa yake, mizigo ilikuwa yetu. Mhasibu mkuu alijaza akiwa amekumbatia katoni ya sabuni. Jasho likamtoka, na siku hiyohiyo maswali kadhaa yakafutwa.

Tuseme ukweli, kuna wakati mkasi ulimponyoka. Alipunguza maswali mpaka likaenda na lile la namba ya simu. Fomu zikamiminika, ofisi ikashangilia, kisha ikagundulika haina njia ya kumpata hata mmoja wa waliojaza. Hakumtupia mtu lawama. Alivaa viatu vya raba akazunguka mageti ya viwanda, akiita majina asubuhi vibarua wanaposubiri kuchaguliwa. Fundi zege mmoja alimtania kwamba amekuja kutafuta mume. Akamjibu kuwa mume anaye, anachotafuta ni namba ya simu. Geti zima likacheka, na foleni ikajipanga yenyewe. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, waliomaliza fomu walikuwa wengi kuliko walioiacha. Huduma ipo hadi leo.

Mwezi uliopita zamu ikamfikia yeye. Fomu ya kustaafu nayo iko mtandaoni, na utumishi waliona anaifungua, anaiacha, anaifungua tena. Ofisi ilicheka: mganga hajigangi. Mwisho tulimfuata. Mhasibu alimvutia kiti. Yule mwenzetu wa magunia, ambaye siku hizi anachechemea kidogo tu, akamsomea maswali. Alijibu yote bila kigugumizi. Alipofika kwenye kitufe cha kutuma, kidole kikabaki hewani.

"Malizia, Mama," mwenzetu alimwambia.

"Naogopa, mwanangu. Miaka yote nauliza watu wanakwama wapi. Kumbe wengine hawajakwama, wanaogopa kinachofuata."

Hakuna aliyemharakisha. Mwenzetu akamweleza taratibu: utapata ujumbe, halafu utapigiwa simu, na jina lako linabaki kwetu. Mama akabonyeza.

Kabla hajainuka aliagiza kwamba kwenye fomu zote za mfuko, juu ya kile kitufe, mtu aelezwe nini kitatokea akishatuma. Maelezo hayo yameshawekwa. Ndiyo kazi yake ya mwisho, na tayari wengi waliokuwa wakiishia pale wanavuka.

Mama, asante kwa kiti. Ugenini si kila mtu anakuvutia kiti. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na kengele, na wajukuu wasiomaliza chakula chao, ili usikose kazi. Nenda salama. Yaliyobaki mezani kwako tutayamalizia sisi.