Mhandisi Yoramu Eliona Munisi na Mashine ya Kahawa, 1955–2005

Krrr-taka, krrr-taka. Marehemu Mhandisi Yoramu alikuwa akisema sauti hiyo aliifahamu kabla hajafahamu jina lake mwenyewe. Ilikuwa ya mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, baba akizungusha, mama akimimina kahawa na kuimba.

Marehemu alizaliwa hapa Masama tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa Mzee Eliona Munisi na marehemu Mama Magdalena. Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Moshi mjini, na mwaka 1980 alihitimu uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Aliajiriwa na shirika la simu, Moshi. Mitambo ya kidijitali ilipoanza kuingia, alikwenda Uholanzi mwaka 1991 kusomea uchakataji wa mawimbi. Sisi tusioelewa alitueleza hivi: sauti inapimwa mara maelfu kwa sekunde, inageuzwa namba, kisha kwa hesabu unatoa usichokitaka na kubakiza unachokitaka. Waliopiga simu miaka ile wanakumbuka maneno yao yakiwarudia sikioni. Yeye alikuwa mmoja wa waliouondoa mwangwi ule. Mwaka 1997 alifungua ofisi yake Majengo, hapo Moshi, akifundisha mafundi na kusafisha rekodi za kwaya.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na mwalimu Yuditha, ambaye leo tunamwita mama Jesse. Mama Jesse husema siku ya kwanza kufika kwao, marehemu aliwaambia wakwe, “Shikamooni. Redio yenu inanung'unika,” akaitengeneza kabla hajagusa chai.

Mama Magdalena alifariki mwaka 1993. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, iliyorekodiwa akiimba kando ya mashine msimu wa kahawa, nayo ilikuwa imechakaa. Marehemu aliingiza rekodi kwenye kompyuta siku chache kabla utepe haujakatika, akaichuja kwa uangalifu mkubwa. Krismasi ya 1999, tukiwa wote nyumbani, akaicheza. Mama aliimba kama yuko sebuleni. Tulilia. Mzee Eliona hakulia.

“Yoramu, mimi umeniweka wapi?”

“Baba, ile mashine ilikuwa kelele.”

“Kelele! Nimezungusha mpaka mkono ukafa ganzi, ndiyo kelele?”

Dada yake, Stella, akacheka: “Kaka, kusoma kote Ulaya, umekuja kumfuta baba!”

Mzee akasimama. “Mama yako alikuwa akiimba kwa kufuata mkono wangu. Hapa anaimba na nani?” Akatoka nje, na sikukuu ile hakutaka tena kuisikia rekodi.

Marehemu alirudi Majengo akiwa mnyonge sana. Kwa bahati alikuwa ametunza nakala ambayo haijachujwa. Akaanza upya, safari hii akiondoa mikwaruzo ya utepe tu na kuiacha mashine. Pasaka akapanda Masama na jani la isale, kama tunavyoombana msamaha hapa kwetu, akampa baba yake kwa mikono miwili. Mzee alilipokea, akakaa, akasikiliza rekodi mpya. Mkono wake wa kulia ukaanza kuzunguka taratibu juu ya goti.

Mwaka 2003 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Dar es Salaam na hospitali ya KCMC, Moshi, akauguzwa kwa upendo na mkewe, na alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 10 Machi 2005.

Ameacha mjane, Yuditha; watoto wawili, Jesse na Gladness; dada yake, Stella; na baba yake, Mzee Eliona, aliyeketi nasi hapa. Tunamlaza kihambani, katika shamba la ukoo, kando ya mama yake. Mungu ampe utulivu aliokuwa akiwatafutia wengine masikioni mwao.

Mchana wa siku ya mwisho, mama Jesse alimwekea rekodi ile ya pili. Akaona mlio wa mashine ya kahawa unamsumbua mgonjwa, akanyoosha mkono apunguze sauti. Marehemu, ambaye kooni ilikuwa imebaki pumzi tu, akamzuia.

“Iache, mama Jesse. Baba anamenya.”