Ofisi Yangu Nampa Hellen

Vuteni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu sasa haivuki hata kitanda hiki, na niliyo nayo sitaki yaje kusemwa na mtu mwingine nikiwa sipo. Davis, umesafiri kutoka Mwanza. Loveness, umeacha kazi Dar es Salaam. Asanteni kwa kuja. Msinikatize. Nikinyamaza jueni navuta pumzi, sijamaliza.

Kihamba hiki cha marehemu baba yenu Gidioni, pamoja na migomba, kahawa na nyumba hii, ni chako Davis, kama ukoo ulivyokubali siku nyingi. Loveness, kiwanja cha Kiboriloni nilikinunua mwenyewe. Ni chako, na hakuna mwenye mdomo juu yake. Hayo mliyajua. Linalonikosesha usingizi ni ofisi yangu ya mjini.

Hamjawahi kuniuliza mle ndani nafanya nini. Siwalaumu; mlidhani ni uhasibu uleule nilioustaafia. Basi sikieni. Wanunuzi wa ng'ambo, mabenki na mawakala wa watalii walipoanza kuzitaka biashara zieleze zinavyochafua hewa, na zitakavyosimama mvua zikikosa, watu wa huku walicheka. Mimi niliwafuata kabla hawajabanwa. Nilizunguka kwenye mitambo ya kahawa, kwenye hoteli, kwenye viwanda vya maziwa, nikiuliza jenereta inakunywa dizeli kiasi gani, kuni zinatoka msitu upi, mfereji unaowaletea maji umeanza lini kukauka. Monica, meneja wa kiwanda cha maziwa kule Kibosho, aliniambia, "Mama, mvua ni kazi ya Mungu, mimi niiandikie ripoti ya nini?" Masika iliyofuata akateremka mjini viatu vimejaa tope, benki imemgomea mkopo mpaka aeleze atapoozaje maziwa mto ukipungua. Tulikaa naye, tukapekua kila kitu, hadi akakiona kiwanda chake kama mgeni anayekiingia mara ya kwanza. Benki ikamkubalia. Nilirudi nyumbani siku ile nimejaa furaha, nikafungua mlango, nikasimama sebuleni na mkoba wangu mkononi. Baba yenu alikuwa ameshatangulia. Sikuwa na wa kumwambia.

Kisha likaja la Mathew. Mnamjua baba yenu mdogo, akitaka jambo hapati usingizi mpaka alipate. Mawakala wanaomletea wageni hotelini kwake walimtaka taarifa, akaniomba niandike kwamba kuni zake zote anazikata kwenye miti aliyoipanda mwenyewe. Nilikwenda kuiona hiyo miti. Ilikuwa miche, hainifiki magotini, na nyuma ya jiko magogo ya msituni yamepangwa hadi kwenye paa. Nikamwambia, "Shemeji, tuandike ilivyo, halafu tuandike utakavyobadilika, wakukute unasogea. Hilo watalipokea." "Wewe ni mke wetu," akasema, "au ni karani wa Wazungu?"

Sikutia sahihi. Mawakala walimwacha, na ukoo ukaniacha mimi.

Krismasi ile mlipokuja, nyama ya ukoo iligawiwa kwa Mathew, nami nikawaambia siendi kwa sababu magoti yananiuma. Sikuwa nimeitwa. Niliwapikia mtori, mkala, mkasifu, mkarudi makwenu. Tangu hapo nikipita langoni kwake nikabisha hodi, haiitikiwi. Dukani wanawake wakiniona wanakumbuka kuna mahali wanachelewa. Kanisani benchi langu lina nafasi nyingi. Nanyi mlipiga simu, mkauliza kama nimemeza dawa, nikasema nimemeza, tukaagana.

Ndipo akaja Hellen, binti wa huyohuyo Mathew, akaingia ofisini mchana kweupe.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Baba yako anajua uko hapa?"

"Anajua. Haongei na mimi tangu jana."

Akaketi, akaniomba nimfundishe. Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Tulipanda naye milima, tukala ndizi za kuchoma kwenye ngazi za magodauni ya watu, na mimi nikikadiria jambo kwa haraka alinibishia mpaka turudi tukaulize tena. Siku moja alinibishia hadi nikacheka kwa sauti, nikashtuka. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kilivyo.

Ofisi ni ya Hellen. Meza, jina, wateja, vyote. Loveness, usigeuze uso, mwanangu. Nakupenda. Lakini ile kazi hukuitaka, naye aliitaka hata ikamgharimu baba. Davis, wazee watakuja kusema haiwezekani mali ya nyumba hii iende kwa mtoto wa Mathew. Wajibu kwa heshima, wape chai, waambie mama alisema akiwa na akili zake timamu, nanyi mlikuwapo.

Na wewe Hellen, toka hapo mlangoni, ingia, nipe mkono. Wateja wako watakushawishi, wengine kwa zawadi, wengine kwa undugu. Baba yako naye ataihitaji tena ile taarifa, maana mawakala karibu wote wanaidai siku hizi. Akija, mwandikie ilivyo. Usimfiche kwa kuwa ni baba, wala usimkomoe kwa ajili yangu. Na akija kunizika... mpeni kiti cha mbele. Asiulizwe neno.

Nizikeni pembeni ya Gidioni. Msikodi maturubai mengi, hatutajaa.

Mungu awabariki. Awape... ngoja. Awape watu wa kula nao. Mazao atawapa, kazi atawapa, hayo sina wasiwasi nayo. Watu wa kula nao, wanangu, hadi uzeeni.

Davis, hiyo simu iache iite. Kaa. Loveness, sogea, mpishe Hellen. Hivyo. Sasa ongeeni ninyi, lolote tu, hata bei ya ndizi... Mimi nimefumba macho. Nawasikia.